Treni Ndani ya Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Kuifaidi Simuleta kwa Mpenzi wa Reli wa Kanda ya Kati

Anayeniuliza kuhusu simuleta za treni, yaani programu za kompyuta zinazoigiza uendeshaji wa treni, karibu kila mara huanza na picha: ipi ina picha kali, ipi mvua yake inafanana na mvua. Naelewa kwa nini, maana picha ndiyo anayoiona kabla hajalipa. Lakini picha huzoeleka haraka. Kisichozoeleka ni uzito. Simuleta nzuri ni ile ambayo, ukiwa na tani elfu moja mgongoni, unaanza kuiwazia breki kabla stesheni haijaonekana. Hapo ndipo raha ya mchezo huu ilipo, na mwongozo huu wote umepangwa kukufikisha hapo, hata kama kompyuta yako ni ya mtumba na bando lako ni la kuhesabu.

Sisi wa Dodoma na jirani zetu wa Mpwapwa, Bahi na Manyoni tuna faida ambayo wapenzi wa treni wa nchi nyingi hawana: tuna reli mbili za tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1,000, vichwa vyake, yaani injini zinazovuta mabehewa, ni vya dizeli, na mji wa Dodoma wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 kwa sababu yake. Ya pili ni SGR, reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 na umeme wa kilovolti 25. Imesanifiwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa kwa treni za abiria, na ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Moja inafundisha uvumilivu wa kuvuta mzigo mlimani, nyingine inafundisha kufikiri mbali ukiwa kwenye kasi. Simuleta itakupa zote mbili, ila ujue unachokitafuta.

Kabla ya kompyuta, panda treni

Hatua hii wengi huiruka. Kata tiketi ya safari fupi, hata Dodoma hadi Morogoro, kaa dirishani, shika daftari. Usipige soga safari nzima. Sikiliza.

Andika treni inachukua muda gani tangu inapoanza kutembea hadi kasi inapotulia. Angalia inapokaribia stesheni: breki inaanza kusikika mbali kiasi gani, inashikwa mara ngapi, na katika mita za mwisho je, inabanwa zaidi au inaachiwa? Dereva mzuri huilegeza breki kabla treni haijasimama kabisa, ndiyo maana kikombe chako cha chai hakimwagiki. Ukiweza kuviona vibao vya kilomita kando ya njia, hesabu sekunde kutoka kimoja hadi kingine, kisha gawa 3,600 kwa idadi hiyo: sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 30 ni 120. Baada ya muda jicho lako litaanza kukadiria kasi bila saa.

Kwenye reli ya zamani utasikia magurudumu yakigonga maungio ya reli, na mdundo unaongezeka kadiri kasi inavyopanda. SGR imechomelewa mfululizo, kwa hiyo mdundo huo haupo. Utakachosikia ni mlio wa mota, upepo, na mwangwi wa ghafla treni inapoingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa. Weka kumbukumbu hizi. Baadaye simuleta itakapokupa sauti za uongo, utajua.

Chagua programu kwa kompyuta uliyonayo

Kama mashine yako ni ya kawaida, haina kadi ya picha ya maana na ina RAM ya gigabaiti 4 au 8, anza na Open Rails. Ni ya bure, programu yake ni ya chanzo huria (yeyote anaweza kuona na kuboresha msimbo wake), na inaendesha njia na treni zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator, gemu lililotoka mwaka 2001 na likaacha hazina kubwa ya kazi za wapenzi wa reli duniani kote. Picha zake ni za kizamani, sitaficha. Ila upande wa fizikia, yaani uzito, hewa ya breki, miinuko na msuguano, Open Rails inazishinda simuleta nyingi za kulipia. Mazoezi yote ya mwongozo huu nimeyaandika kwa ajili yake.

openBVE nayo ni ya bure na nyepesi. Inatokana na simuleta ya Kijapani, na nguvu yake ni chumba cha dereva: humo hutazami treni kutoka nje, unaiendesha. Ukipenda nidhamu ya Japani ya kusimama kwenye alama ya jukwaa na kufika kwa sekunde, mahali pake ni hapo.

Mwenye kompyuta ya nguvu ana uwanja mpana zaidi. Train Sim World ya kampuni ya Dovetail Games inakuruhusu kutembea ndani ya treni na kubonyeza swichi za chumba cha dereva moja moja. SimRail ya Poland ina kitu ninachokipenda kuliko vyote: unaendesha mtandaoni huku mtu mwingine halisi ameketi kwenye kibanda cha ishara akikupangia njia, kwa hiyo ukichelewa unamchelewesha na mwenzako. Zusi ya Ujerumani ni ya watu wanaotaka kanuni za reli zifuatwe bila kulegeza. Derail Valley ni ya bonde la kubuni, lakini uzito wa treni zake ni wa kweli, na ukikata kona kwa kasi utaanguka na kulipia hasara. Trainz, iliyoanzia Australia mwaka 2001, inawafaa wanaotaka kujenga kuliko kuendesha.

Kuhusu malipo: nyingi za kulipia zinauzwa kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, na kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu inatosha. Usinunue njia ya treni ya kuongeza kwenye simuleta siku inapotoka; punguzo la majira huja, na bei hushuka sana. Steam pia inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2, kwa hiyo saa hizo mbili za mwanzo zitumie kujaribu kama kompyuta yako inamudu. Mafaili ya simuleta kubwa hufika makumi ya gigabaiti. Yapakue kwa kifurushi cha usiku, au mahali penye intaneti isiyo na kikomo, kisha uhifadhi nakala kwenye diski ya nje ili siku ya kubadilisha Windows usianze upya.

Umeme nao ufikirie. Kompyuta ya mezani bila UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme unapokatika, itakuzimia katikati ya safari ya saa tatu. Kwenye Open Rails bonyeza F2 kila unaposimama stesheni, safari inahifadhiwa.

Panga mipangilio kabla ya kuondoka

Fungua mipangilio ya Open Rails, nenda sehemu ya uigaji wa treni (Simulation). Washa msuguano wa hali ya juu, washa viungo vya mabehewa vinavyoweza kukatika, na hakikisha hali ya udhibiti rahisi imezimwa. Mgeni huogopa kuwasha vitu hivi mapema. Mimi nasema viwashe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkono unaojifunza kwenye treni isiyo na uzito hupata tabia mbaya ambazo kuziondoa ni kazi.

Upana wa kuona ndani ya chumba cha dereva una athari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiupanua sana ili uone kila kitu, kasi inaonekana kubwa kuliko ilivyo na reli inakimbia kama sinema. Ukiubana sana, kilomita 100 kwa saa inaonekana kama baiskeli. Rekebisha huku treni ikitembea kwa kilomita 80, na linganisha na ulichokiona dirishani siku ya safari yako.

Ramani ya njia, mishale ya mwelekeo na namba zinazoelea kwenye skrini viache kwa sasa. Tutavizima baadaye, kimoja baada ya kingine.

Anza na kichwa kitupu

Chukua kichwa kimoja cha dizeli bila behewa hata moja, kwenye njia tambarare. W huweka mkono wa mwelekeo mbele, S nyuma. A huongeza nguvu, D hupunguza. Alama ya ' hushika breki ya treni na ; huiachia. Kitufe kirefu cha nafasi (Space) ni honi, H ni taa, X ni mchanga unaomwagwa relini ili magurudumu yashike. F4 inafungua kidirisha cha njia kinachoonyesha kikomo cha kasi, ishara inayofuata na mwinuko. F5 inafungua kurasa za takwimu. Hizi zinatosha kwa siku nyingi.

Zoezi lenyewe: chagua nguzo au mti kando ya njia, kimbia hadi kilomita 40 kwa saa, na usimame ubavu wake ukiwa na mita tano za kosa au pungufu. Rudi, rudia. Ukishaweza kwa 40, nenda 80. Hapo utakutana na hesabu ambayo kila dereva wa treni anaibeba kichwani. Ukipunguza mwendo kwa kiwango cha kistaarabu, mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, kutoka kilomita 40 kwa saa unahitaji kama mita 125 kusimama. Kutoka 80 unahitaji karibu mita 500. Kutoka 160, kasi ya SGR, unahitaji karibu kilomita 2, na itakuchukua takriban sekunde 90. Kasi ikizidishwa mara mbili, umbali unazidishwa mara nne. Ukiielewa hesabu hii kwa mkono, nusu ya uendeshaji umeshaipata.

Breki: kaa hapa muda mrefu

Sasa funga mabehewa ya mizigo, kama thelathini hivi, na usiwe na haraka ya kwenda popote.

Bomba moja la hewa linapita chini ya treni nzima, kutoka kichwani hadi behewa la mwisho. Katika mfumo wa Ulaya, breki zikiwa zimeachia, bomba hilo lina msongo wa bar 5 (bar ni kipimo cha msongo wa hewa). Unaposhika breki huongezi hewa, unaitoa. Msongo ukishuka, valvu ya kila behewa inaruhusu hewa iliyotunzwa kwenye tangi la behewa hilo iingie kwenye silinda na kubana magurudumu. Kushusha hadi takriban bar 4.5 ni breki ya kuanzia. Ukifika bar 3.5 umemaliza nguvu yote ya breki ya kawaida, na kuendelea kutoa hewa hakukuongezei kitu.

Fungua F5, kisha bonyeza Shift na F5 mara kadhaa hadi ufike ukurasa wa breki. Utaona mabehewa yote yamepangwa kwenye mistari, kila moja na msongo wake. Treni ikiwa imesimama, shusha msongo kwa nusu bar na utazame. Behewa la kwanza linapokea mara moja. La kumi linafuata. La mwisho bado linaonyesha namba ya zamani, kama halijaambiwa chochote, kisha nalo linaanza kushuka taratibu. Silinda zenyewe nazo zinajaa polepole: katika mpangilio wa Ulaya wa treni za mizigo huchukua sekunde 18 hadi 30 kujaa, na sekunde 45 hadi 60 kuachia. Treni ya abiria hujaa kwa sekunde 3 hadi 5. Tazama hizo namba mpaka uzielewe, maana ndizo zinazoeleza kila kitu ambacho treni ya mizigo itakufanyia ukiwa barabarani. Ukishika breki na kuona haipungui, ukaongeza, ukaongeza tena, nusu dakika baadaye breki zote ulizoomba zinafika kwa pamoja na treni inasimama mita 300 kabla ya stesheni.

Kanuni ya kwanza basi: shika kidogo, subiri, pima, ndipo uamue.

Kanuni ya pili ni nzito zaidi. Ukiachia breki, bomba linajaa tena na matangi ya mabehewa yanaanza kujazwa upya, lakini kazi hiyo inachukua muda. Ukishika, ukaachia, ukashika tena, ukaachia tena kabla matangi hayajajaa, kila mara unabaki na hewa pungufu. Jaribu kwa makusudi kwenye mteremko mrefu huku ukurasa wa breki uko wazi. Utaona akiba ikishuka hatua kwa hatua, na mwishoni unavuta mkono wa breki na treni inaendelea kuongeza kasi. Ni jambo la kutisha hata kwenye kompyuta, na ni vizuri litishe.

Mkoa wetu unalijua hili kwa uchungu. Tarehe 24 Juni 2002, katika kipande cha Msagali na Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma ikishuka mlima na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Nalitaja kwa heshima ya waliofiwa, wengi wao wako miongoni mwetu, na kwa sababu anayecheza simuleta akiwa Dodoma hapaswi kuiona breki kama kitufe. Mteremko una nguvu ambayo haichoki, hewa kwenye matangi ina kikomo.

Kwa hiyo kwenye mteremko tafuta kiwango kimoja cha breki kinachoishikilia kasi ilipo, ukitue hapo. Kama kichwa chako kina breki ya mota, itumie kwanza na uiache hewa iwe akiba. Ukisimama mlimani, usitegemee hewa peke yake kwa muda mrefu. Funga breki za mkono. Na usibonyeze Shift na / ili kujaza breki kwa ghafla. Open Rails inakuruhusu, lakini ukifanya hivyo umejinyima mojawapo ya nyakati tamu za uendeshaji: kompresa ikinguruma, sindano ikipanda, nawe unasubiri mpaka treni iwe tayari.

Mlima na magurudumu yanayoserereka

Nenda kwenye njia yenye mwinuko halisi. Treni ya tani 1,000 kwenye tambarare, kwa kasi ndogo, inahitaji nguvu ya kama kilonewton (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 15 hadi 20 tu kuendelea kutembea. Chuma juu ya chuma hakina msuguano mwingi. Weka mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, na uzito wenyewe unaongeza kilonewton 98. Mwinuko wa mita 2 kwa kila 100 unaongeza 196. Ndiyo maana mhandisi wa reli anazunguka kilima kizima kukwepa mwinuko ambao gari la abiria haliuoni.

Sasa ongeza mvua. Kichwa cha tani 100 kwenye reli kavu kinaweza kushika kwa takriban kilonewton 290 kabla magurudumu hayajaanza kuserereka. Reli ikilowa, nguvu hiyo inaweza kushuka hadi nusu, karibu 147. Rudi kwenye hesabu ya juu: mwinuko wa 2 kwa 100 unataka 196, ongeza ile 20 ya kawaida, jumla 216. Siku ya kiangazi unapanda. Siku ya mvua hupandi, hata uwe na injini ya nguvu kiasi gani, kwa sababu tatizo haliko kwenye injini.

Endesha hali zote mbili, mlima uleule na mzigo uleule. Magurudumu yakianza kuserereka utasikia injini ikipanda sauti ghafla huku kasi ikishuka. Punguza nguvu kwanza, mwaga mchanga, kisha ongeza hatua moja moja. Kuongeza nguvu wakati magurudumu yanazunguka bure ni kupoteza mlima. Kuna furaha ya pekee kufika kileleni kwa kilomita 12 kwa saa, mchanga ukimwagika, kila behewa likifuata. Nimewaona vijana waliozoea gemu za magari wakitabasamu kwa kilomita 12 kwa saa.

Kuondoka nako ni somo. Mabehewa yana nafasi ndogo kwenye viungo. Ukivuta kwa nguvu, nafasi hizo zinakazwa kwa kishindo na kiungo kinaweza kukatika. Vuta kidogo, acha treni inyooke yote, ndipo uongeze. Dereva halisi huuhisi mshtuko huo mgongoni mwake. Wewe kiti chako hakitikisiki, kwa hiyo masikio ndiyo yachukue kazi hiyo. Hili ndilo pengo kubwa la simuleta zote, na spika nzuri za masikioni zinaliziba kuliko kadi ya picha ya bei mbaya.

Ishara na mifumo inayokulinda

Usicheze nchi tano kwa mwezi. Kila reli ina lugha yake ya ishara, na kuchanganya kunakufanya uwe mgeni kila mahali. Chagua moja.

Ujerumani ina mifumo inayomchunga dereva: kanyagio linalohakikisha uko macho, na sumaku kando ya reli ambazo, ukipita ishara ya tahadhari, zinakutaka uthibitishe ndani ya sekunde 4 la sivyo treni inajisimamisha. Uingereza ina kengele kwa njia safi na honi kwa tahadhari. Kwa msomaji wa Dodoma anayetaka kukaribia kinachotokea kwenye SGR, napendekeza njia yoyote yenye umeme wa kilovolti 25 na mfumo wa ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo wa treni, kwa sababu SGR yetu imejengwa kwa ETCS ya ngazi ya 2. Katika mfumo huo dereva haishi kwa kutazama taa za kando ya njia. Ruhusa ya kusonga inakuja kwa redio hadi kwenye skrini yake, ikionyesha umbali aliopewa na kasi anayotakiwa kuwa nayo. Sindano ya kasi inabadilika rangi, kutoka kijivu kwenda njano, chungwa, hadi nyekundu mfumo unapoingilia kati wenyewe. Lengo lako ni kuendesha safari nzima bila kuiona rangi ya chungwa.

Kwenye umeme wa kilovolti 25 utakutana pia na vipande vifupi vya nyaya visivyo na umeme, mahali ambapo chanzo kimoja cha umeme kinaishia na kingine kinaanza. Unakata nguvu, unapita kwa mserereko, unarudisha nguvu. Usisimame hapo.

Zima misaada, shika saa

Ukishaweza kufika bila kugonga kikomo cha kasi, anza kuondoa vitu kwenye skrini. Kwanza zima alama zinazoelea juu ya stesheni. Safari inayofuata, zima kurasa za takwimu. Mwisho kabisa zima kidirisha cha njia, na ubaki na vipimo vya chumba cha dereva pamoja na karatasi.

Karatasi hiyo uiandike mwenyewe: stesheni, kilomita, saa ya kufika, vikomo vya kasi, mahali mwinuko unapoanzia, na alama ya kuanzia breki. Alama iwe kitu kinachoonekana: daraja, tangi la maji, nyumba ya bati jekundu. Madereva halisi hawaruhusiwi kuendesha njia wasiyoifahamu, na kuifahamu njia ndiko kunakomfanya mtu arudie kipande kilekile miezi na miezi bila kukichoka. Usikimbize saa ya simuleta. Kilomita ishirini za porini bila tukio ni sehemu ya kazi. Tumia muda huo kupanga mlima unaokuja.

Vifaa maalumu vya mikono vipo, RailDriver ndicho kinachojulikana zaidi, lakini si lazima. Kibodi ya mtumba yenye stika kwenye vitufe nane inatosha kabisa, na afadhali pesa iende kwenye UPS.

Jenga kipande chako cha Reli ya Kati

Hapa ndipo mtu wa kanda ya kati anaweza kufanya kitu ambacho mtu wa London hawezi kumfanyia. Kwa Open Rails tumia TSRE, kihariri cha bure, yaani programu ya kujengea njia. Kwa Trainz kihariri kimo ndani ya programu yenyewe, na kwa anayeanza ni rahisi zaidi.

Mstari wa reli utauchukua kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Urefu wa ardhi utaupata kwenye data ya SRTM, iliyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, yenye nukta kila mita 30 hivi, na ni ya bure. Tahadhari moja: data hiyo inaona vilele vya miti na haioni tuta la reli wala mkato wa mlima. Ukiilaza reli juu yake ilivyo, utapata njia yenye mawimbi ambayo hakuna treni ingepita. Weka miinuko ya reli kwanza, laini na ndefu, kisha uilete ardhi ifuate reli.

Usianze na Dar hadi Kigoma, kilomita 1,252. Anza na kilomita kumi. Mimi ningeanza Bahi, kwa sababu ni tambarare, majaruba ya mpunga ni rahisi kutengeneza, na stesheni ni ndogo. Ukishapata mkono, endelea kwenda Kintinku, Makutupora na Saranda, ambako reli inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Huko masomo yote ya mchanga na breki utayaweka kwenye ardhi unayoijua.

Mandhari ndiyo yatakayowafanya ndugu zako waseme "hapa ni kwetu". Mibuyu iache nafasi kati yake, haisongamani. Weka migunga, minyaa, nyumba za tembe zilizobaki na nyingi zaidi za bati. Amua majira: Februari ya kijani au Septemba ya vumbi, usichanganye. Ukitaka kupiga picha stesheni za kutumia kama mfano, omba ruhusa kwa stesheni masta kwanza, na usisimame kwenye njia hata kama unaamini hakuna treni.

Hifadhi nakala ya kazi kila jioni kwenye folda yenye tarehe. Kipande kikikamilika, mpe mwenzako aiendeshe ukiwa umekaa nyuma yake, bila kumwelekeza. Andika anapopita kikomo cha kasi bila kukiona, anapochelewa breki, anapouliza stesheni iko wapi. Kibao kilichokosekana kiongeze, mti unaoziba ishara ung'oe, kisha umpe tena.